Haki ya Kutelekeza

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja kwa jina lake, na majina ya watu wake nimeyabadilisha. Msomaji asinione mwoga; akifika mwisho ataona sikuwa na njia nyingine. Humu nitaiita Mahameni. Namna nilivyofika huko haina maana yoyote: nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, nikafika nimevimba miguu.

Kilichonipeleka ni nyumba. Mjomba wangu Abdunasiri alifanya kazi Mahameni enzi za ujana wake, akanunua nyumba huko shamba, kisha akarudi kwetu na hakukanyaga tena nchi ile mpaka anakufa. Lakini nyumba hiyo ilimpa heshima maisha yake yote. Harusini walipomtambulisha walisema, "Huyu ana nyumba ng'ambo," na watu wakamsogezea kiti. Paa la nyumba aliyokuwa akiishi lilivuja, tukawa tunakinga maji kwa masufuria, na hakuna aliyethubutu kumsema, maana mwenye nyumba ng'ambo hawezi kuitwa maskini. Alipozidiwa aliniita, akanikabidhi hati na ufunguo, akasema, "Usiiache ikapotea." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Aliyosema baada ya hapo yalihusu uji.

Nia yangu ilikuwa fupi: nifike, niiuze, nirudi. Nilielekezwa kwenye Idara ya Magofu, ambayo ndiyo idara kubwa kuliko zote katika nchi ile. Jengo lenyewe lilikuwa limeanguka upande mmoja, na juu ya upande uliobaki umeota mti ambao ndege wameujaza viota. Nilidhani nimepotea. Karani aliyenipokea alinihakikishia kuwa nipo mahali penyewe, na kwa fahari akanionyesha ufa uliokuwa ukutani nyuma ya meza yake. Alisema ufa ule uliingia wakati wa msajili wa kwanza na haujaguswa na mtu.

"Hili ni jengo la serikali," alisema, "na kila apitaye anaona hivyo."

Msajili wa Magofu, Mheshimiwa Mwinchande, alikuwa mtu mpole mwenye kanzu safi, na aliniomba radhi kwa usafi wa kanzu hiyo. Nilimweleza shida yangu. Akaniuliza nimekuja mwenyewe? Nikasema ndiyo, mwenyewe, kutoka mbali. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hiyo ni kasoro ya kwanza," alisema. "Mwenye mali hasa haji."

Kisha akanifundisha sheria ya Mahameni juu ya umiliki. Naiandika kama alivyoisema, kwa sababu nimejaribu kuitafutia tundu na sijalipata.

"Hebu nikuulize, mgeni wetu. Jirani yako ana shamba. Wewe hulilimi, hulipalilii. Utaambiwa umelitelekeza?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si langu."

"Basi. Mtu hawezi kutelekeza kisicho chake. Ukiona kitu kimetelekezwa, ujue kina mwenyewe. Na kadiri kilivyotelekezwa zaidi, ndivyo mwenyewe alivyo mwenyewe zaidi. Sasa geuza upande wa pili. Anayefagia ua ni nani? Mtumishi. Anayeziba paa? Fundi. Anayekesha mlangoni? Mlinzi. Umewahi kumwona mwenye jumba ameshika fagio?"

Nilifikiri watu wote wenye majumba ninaowafahamu. Sikumpata hata mmoja.

"Kwa hiyo anayekitunza kitu," alimaliza, "anathibitisha kwa mikono yake mwenyewe kwamba si chake."

Sheria hii imeijenga nchi nzima, kama kujenga ndilo neno. Mashamba mazuri ya Mahameni hayana wenyewe. Yenye wenyewe ni mapori. Visima vyenye maji havina mtu. Vilivyokauka vina hati na mihuri. Nilionyeshwa hospitali moja ya umma ambayo milango yake imeng'olewa na vitanda vyake vimekaliwa na mbuzi, nikaambiwa kwamba huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mali ile ni ya wananchi. Kwenye baraza moja nilisikia wazee wakijadili kama mume asiyemjulia mkewe hali ndiye mume halali zaidi, na waliokuwa wakisema ndiyo walikuwa wengi. Wake zao hawakuwapo, walikuwa kisimani.

Nyumba ya mjomba ilikuwa bondeni, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Nilipoiona kwa mbali moyo ulikufa. Magugu yalikuwa yamefika kifuani, dirisha moja linaning'inia kwa bawaba moja, na mlango wa mbele umefunikwa utando wa buibui mzito. Nikasema moyoni, mjomba, mali yako hii hapa. Nikazunguka nyuma ili nitafute pa kuingilia.

Nyuma palikuwa nchi nyingine. Ua umefagiwa mpaka mistari ya fagio inaonekana. Kuta zimepakwa chokaa. Kulikuwa na matuta ya mchicha na bamia, kuku, kamba ya nguo, na mama mmoja mtu mzima ameinama anachekecha kitu kwenye chekecheo la unga. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua uso, kisha akashtuka na kuficha chekecheo nyuma ya gauni lake. Ndani yake mlikuwa na vumbi.

Huyo ndiye nitakayemwita Bi Sikudhani. Yeye na mumewe, Mzee Shindo, waliingia katika nyumba ile ilipokuwa haina paa, wakati wakiwa vibarua bondeni. Waliezeka, wakachimba kisima, wakazaa, wakalea, watoto wakaondoka kwenda kutafuta maisha. Mzee Shindo alifariki, akazikwa hapo hapo nyuma ya nyumba, na kichwani pa kaburi mkewe akapanda mkomamanga. Nilipoukuta ulikuwa haujafika gotini.

"Wewe ndiye mwenyewe?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Nyumba ni ya mjomba wangu."

Alivuta kigoda, akakifuta kwa kanga yake, kisha akacheka peke yake. "Tazama nilivyo mjinga. Nimefuta mbele ya mwenye nyumba." Halafu akaacha kucheka. "Mwanangu, mimi nyumba siitaki. Nataka mlango huu wa nyuma tu. Huyu mtu wangu amelala hapo, na njia ya kumfikia ni hii."

Nilijibu kwamba tutaona. Ni neno tunalotumia kwetu tunapokuwa hatutaki kuona.

Niliishi kwake nikingoja Idara isikilize shauri langu, na nikajifunza maisha ya watu wa bonde lile. Kila nyumba ilikuwa na mbele na nyuma. Mbele walikuza magugu kwa uangalifu, wakayamwagilia maji kiangazi kikizidi ili yasinyauke yakaonekana yamefyekwa. Buibui walilindwa, mtoto akivunja utando alichapwa. Bawaba za madirisha yanayoning'inia zilipakwa mafuta ili yasianguke kweli. Vumbi walilichota barabarani, wakalichekecha, wakalinyunyiza mezani kama mtu anavyonyunyiza chumvi. Watu hawa walifanya kazi mara mbili: kutunza, halafu kuficha kwamba wametunza. Usiku walilala kama magogo.

Nilizoea. Asubuhi nilimsaidia Bi Sikudhani kuchota maji, naye kabla ya kitu kingine chochote aliumwagilia mkomamanga na kumwambia Mzee Shindo habari za jana. Siku moja nilitaja tu kwamba nimetamani chakula cha nazi. Mahameni minazi haioti. Alipotea kutwa nzima, akarudi jioni vumbi mpaka kwenye nyusi, na nazi moja kwapani. Sijui aliipata wapi, na aliponipakulia wali ule alikaa kunitazama nikila. Kuanzia siku hiyo sikuwaza tena kuuza.

Tatizo ni kwamba sikuwa peke yangu niliyeidai nyumba. Wakili mmoja aitwaye Kirungu alikuwa amefungua dai juu ya bonde zima kwa niaba ya tajiri anayeishi ng'ambo ya bahari. Nyumba alizokwisha kuzipata alizitia kufuli na kuwatoa waliomo, ili zianguke kwa utulivu. Nilimuuliza Msajili kama kufunga kufuli si kujali. Akasema anayejali ni wakili. Mteja hana habari, na haki huangalia mteja. Na kama sisi wote wawili tungeshindwa, nyumba ingehesabiwa haina mwenyewe, ingechukuliwa na serikali, nayo serikali ingeitia kufuli lake.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: Bi Sikudhani angebaki na mlango wake wa nyuma iwapo tu nyumba itathibitishwa kuwa yangu, na ingekuwa yangu iwapo tu ningethibitisha kwamba sikuijali. Nami nilikuwa nimevuka nchi kuja kuiulizia.

Kabla ya shauri alikuja Mkaguzi wa Vumbi, Bwana Tulizo. Alivaa glavu nyeupe upande mmoja. Alipitisha kidole juu ya meza ya chumba cha mbele, akakinusa, akafumba macho.

"Vumbi zuri," alisema. "Lakini changa."

Bi Sikudhani alikuwa amesimama pembeni kama mpita njia aliyeingia kuomba maji. Hapo upepo ukavuma, na lile dirisha la bawaba moja likaanza kujipiga: pa, pa, pa. Mimi nina ugonjwa wa kutoweza kuvumilia kitu kilichokaa upande. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimekwisha inuka, nimelifunga dirisha, na nimelitia kijiti lisifunguke.

Bwana Tulizo alinitazama, akatazama kijiti, akasema polepole, "Mgeni ameinuka."

Alipoondoka nilimwomba Bi Sikudhani anisamehe. Alisema hakuna la kusamehe, mikono imezaliwa hivyo. Lakini jioni ile hakunyunyiza vumbi. Alikaa kaburini akiongea na mumewe kwa sauti ndogo, nami nilikaa jikoni nikijichukia.

Shauri lilisikilizwa katika ukumbi usio na paa, na watu wengi wakaja, kwa kuwa lilikuwa na ubishi wa kitaalamu ndani yake. Wataalamu wa Mahameni wamegawanyika pande mbili. Wasahaulifu wanasema utelekezaji wa kweli ni kutojua kabisa kwamba una kitu. Wapuuzi, ambao jina hilo ni la heshima kwao, wanasema utelekezaji wa kweli ni kujua, kuona, na kuacha. Wanasalimiana, lakini hawaozeshani.

Wakili Kirungu alisimama kwanza. Alikuwa Msahaulifu, na alisema vizuri.

"Mheshimiwa Msajili, mteja wangu hajui kama nyumba hii ipo. Hajui kama bonde lipo. Mwaka juzi nilimwandikia kumweleza kuhusu nchi hii, akanijibu kwamba yeye samaki hali." Ukumbi ulinong'ona kwa kustahi. "Huyu mwenzetu, kinyume chake, amekuja mwenyewe. Ana ufunguo mfukoni. Na Mkaguzi wa Vumbi amemwona kwa macho yake akiinuka kulifunga dirisha. Mtu anayefunga dirisha, Mheshimiwa, kesho ataziba paa!"

Walimpigia makofi. Nikaitwa mbele, na Mheshimiwa Mwinchande akaniuliza kuhusu dirisha.

"Lilikuwa likinipigia kelele," nikasema.

Aliliandika. "Kwa hiyo uliinuka kwa ajili ya masikio yako."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Si kwa ajili ya dirisha."

"Dirisha ningefurahi kama lingeanguka."

Upande wa Wapuuzi ulichangamka kidogo. Msajili akaegemea mbele. Baadaye niliambiwa kuwa yeye mwenyewe ni Mpuuzi wa siku nyingi.

"Nimeambiwa katika nyumba hiyo mna mama mmoja," alisema, "na tangu ufike umekaa naye chini ya paa moja. Anaitwa nani?"

Bi Sikudhani alikuwa ameketi safu ya mbele, amejitanda kanga yake ya kutokea. Aliinamisha uso, akawa anakunjakunja pindo la kanga. Nikaelewa ninachotakiwa kufanya.

"Sijui," nikasema.

"Hukumuuliza?"

"Sikuona sababu."

"Ana mume?"

"Sijui."

"Watoto?"

"Huenda aliwataja. Sikuwa nikisikiliza."

"Alikuwa akikupikia nini?"

Hili ndilo lililonivunja, kwani niliiona ile nazi kwapani mwake na vumbi kwenye nyusi zake.

"Chakula tu," nikasema. "Sikukiangalia."

Msajili akamgeukia. "Mama, wewe unamjua mtu huyu?"

Bi Sikudhani aliinuka. Hakunitazama. "Mgeni tu, Mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyonyooka. "Nampikia, nampa maji ya kuoga, namfulia. Tangu afike hajanijulia hali hata siku moja."

Mheshimiwa Mwinchande alitoa kitambaa akafuta macho. Alisema amekalia kiti kile muda mrefu na amewaona wenye mali wa kila aina. Kusahau, alisema, hata ng'ombe husahau; mtu asiyejua kitu kipo hana sifa yoyote kwa kukiacha. Lakini kula mikononi mwa mtu kila siku, ukatazamana naye, ukanywa maji aliyoyachota, na usimjue jina! Hapo, alisema, hahitaji kuona hati. Huyo ni mwenye nyumba, na baba yake bila shaka alikuwa mwenye nyumba.

Wakili Kirungu aliuliza kuhusu yule mama. Je, haondolewi?

"Atamwondoaje mtu asiyemjua?" Msajili alijibu. "Na sisi tumwondoe kwa amri ya nani? Mmiliki hajui kama yupo."

Nyumba ikawa yangu kwa masharti ya kawaida ya umiliki. Nisirudi. Nisiandike. Nisitume salamu wala fedha wala mtu. Nisiulize. Siku nitakayouliza, umiliki utalegea, na Wakili Kirungu, ambaye ni kijana na ana afya nzuri, atakuwapo.

Niliondoka kesho yake. Bi Sikudhani alinifungia maandazi kwenye kitambaa, tukasimama nyuma ya nyumba karibu na mkomamanga. Nilifungua mdomo nimshukuru, akanizuia kwa kiganja.

"Kirungu ameweka watu njia panda, wanaangalia utaondokaje. Toka kwa mbele, pita kwenye magugu, na usigeuke." Kisha akanishika mkono, akaubana sana. "Nisahau vizuri, mwanangu. Ukinisahau vibaya watanitoa."

Nilitoka kwa mbele. Utando wa buibui ulinishika usoni, nikauacha ukae. Sikugeuka. Nilipofika katikati ya magugu nilisikia nyuma yangu fagio likianza kazi.

Nimerudi kwetu, na sasa harusini nasogezewa kiti mimi. Wanasema, "Huyu ana nyumba ng'ambo," nami nakaa. Wananiuliza ikoje, nasema sijui, na heshima yangu inaongezeka. Mvua kubwa zikianza huku, usiku mimi hugeuka upande huu na ule nikiwazia kona ya kushoto ya paa lile, ambapo tulikuwa tumepanga kubadilisha bati. Wakati mmoja nilikutana sokoni na mfanyabiashara kutoka Mahameni, mtu wa bonde lile lile, na nikatembea naye kutoka banda hadi banda. Nilimuuliza bei ya vitunguu. Nilimuuliza mara mbili.

Majuzi alibisha mgeni nisiyemjua, mwenye begi na viatu vya safari. Alitoa kifurushi cha kitambaa ambacho nilikitambua kabla hakijafunguliwa, na ndani yake mna komamanga moja, kubwa, limepasuka kidogo ubavuni.

"Nimeambiwa nikupe," alisema, "na nisiseme limetoka kwa nani."

Nililitazama. Mti ambao haukufika gotini. Kwa hiyo umemwagiliwa. Kwa hiyo mtu bado anapita mlango wa nyuma. Maswali yalinijaa kifuani. Yule mgeni alisimama akingoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja na majibu yote na anayetamani kuulizwa.

"Umekosea nyumba, bwana," nikamwambia. "Huko mimi sina mtu."

Alinitazama kwa chuki, na sikumlaumu. Akanyoosha mkono alichukue tunda.

"Liache tu," nikasema. "Usije ukahangaika na mzigo."

Alipokwisha ondoka niliketi kizingitini nikalila punje kwa punje, nikilia bila kujificha, maana huku kwetu kulia hakumnyang'anyi mtu nyumba. Mbegu nimezifukia nyuma, upande usioonekana kutoka barabarani.